Uzi: Kuhama nyumba ya familia mliyoishi miaka yote na kwenda kuishi shamba. Tuongee kuhusu ile nyumba mnayoiacha

Mwana_wa_Mwisho (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Wengi humu wanauliza kuhusu kununua shamba, kuchimba kisima, kujenga nyumba ndogo kijijini. Majibu ya hayo yapo tele. Ninaloliona halisemwi ni upande wa pili: nyumba inayoachwa. Wazazi wameikaa tangu ujana wao, watoto wamekulia humo, kuna waliotolewa humo kwenda kuzikwa. Sasa mama amezeeka, ngazi zinamshinda, kelele zimemzunguka pande zote, na mwenyewe anasema anataka kwenda kupumua. Sisi tumeshahama, tuko shamba. Naandika kwa sababu naona ndugu wengi wanaliingia jambo hili kana kwamba ni kutafuta gari la mizigo tu.

Msimamo wangu nauweka mapema. Msiuze nyumba ya zamani mpaka mzee awe ameishi kule mnakohamia majira yote ya mwaka. Na msihamishe hata kijiko kabla ndugu wote hamjakaa mkakubaliana nani anachukua nini. Mengine yote yanarekebishika baadaye. Haya mawili yakiharibika, mnaweza kuishi nayo mpaka kufa.

Kwa nini majira yote? Shamba mtu huoneshwa siku nzuri. Njia imekauka, majani ni ya kijani, muuzaji anatabasamu. Mvua zikikolea ndipo utajua kama gari linafika mlangoni au linaishia barabara kuu, mgonjwa abebwe. Kiangazi kikikaza ndipo utajua kama kisima kina maji au kina tope. Halafu kuna giza. Aliyekaa kwenye taa za barabarani maisha yake yote halijui giza. Jicho linahitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea vizuri, na jicho la mzee huchelewa zaidi. Ukimtoa kwenye chumba chenye taa ukamwelekeza choo cha nje, anatembea kwa kupapasa. Sisi tuliweka taa ndogo za sola chini, kutoka kizingitini mpaka mlango wa choo, na katika vyote tulivyomnunulia mama, hizo ndizo anazozisifia kwa wageni.

Kuna jambo lingine watu hulipuuza. Mwaka 1967 watafiti wawili wa Marekani, Thomas Holmes na Richard Rahe, walichapisha orodha ya matukio 43 ya maisha, kila moja na uzito wake kwa jinsi linavyomtikisa mtu. Kufiwa na mwenzi kulipewa alama 100, kustaafu 45, kuhama makazi 20. Mtu akiiona hiyo 20 anasema kumbe si kitu. Lakini alama zile hujumlishwa. Anayehama nyumba ya familia mara nyingi ni yuleyule aliyestaafu juzi, yuleyule aliyebaki mjane, na kuhama kwenyewe kunambadilishia usingizi, majirani na mahali pa ibada kwa mkupuo. Kwa hiyo mama akinyamaza wiki nzima baada ya kufika, msiseme amedeka. Amebeba mengi kwa wakati mmoja.

Sasa vitu vya ndani. Tulimweka mama kwenye kiti chake sebuleni, tukawa tunamletea kitu kimoja kimoja, yeye anasema kimetoka wapi na kiende kwa nani. Dada alikuwa anaandika. Tuliweka mafungu matatu: vinavyokwenda shamba, vinavyogawiwa, na vinavyosubiri. Fungu la kutupa hatukuliweka kabisa mbele yake, maana neno lenyewe lilikuwa linamfunga mdomo. Kitu asichokuwa na uhakika nacho kilikwenda kusubiri, boksi likaandikwa tarehe. Alipokuwa tayari alilifungua mwenyewe na vingi akavitoa bila kuombwa.

Katika droo ya cherehani tulikuta daftari la marehemu baba la kusoma mita ya maji. Kila mwezi ameandika namba, na pembeni maelezo kwa penseli: "bomba la bafuni linavuja, nimebadili washa", "koki kubwa iko chini ya kifuniko nyuma ya jiko, fungua kwa taratibu". Kijana mmoja alitaka kulitia kwenye taka kwa kuwa ni namba tupu. Kumbe ile ndiyo ramani pekee ya mabomba ya nyumba ile. Kaka amezipiga picha kurasa zote, mpangaji tuliyemweka anazitumia, na daftari lenyewe liko shamba kando ya kitanda cha mama. Kwa hiyo karatasi zisomwe kabla ya kuamuliwa. Risiti za zamani, barua, kadi za kliniki, vyeti: kila moja ipite mkononi mwa mtu mzima anayejua anachokitafuta.

Na chumba cha mama kule shamba tulikipanga kama kile cha zamani. Kitanda upande uleule wa dirisha, kabati palepale, swichi ya taa mkono wa kulia anapoingia. Fundi alilalamika kwamba waya utakuwa mrefu. Uwe mrefu. Usiku mkono wa mama huenda ulikozoea, na sasa unaikuta swichi.

Nawasilisha. Waliopitia na wanaojiandaa, karibuni.

Kaka_Mkubwa

Dada, hongera kwa kumsikiliza mama. Ila hilo la kutouza mpaka majira yote yapite napingana nalo. Nyumba isiyokaliwa na watu inakufa haraka. Mimi ni mzaliwa wa kwanza, nimekabidhiwa nyumba ya aina hiyo niiangalie, nayaona kwa macho. Maji yaliyotuama kwenye mabomba ya kona chini ya sinki na bafu ndiyo yanayozuia harufu na wadudu kupanda kutoka kwenye chemba. Bila kutumika hukauka ndani ya wiki chache, mende wanaingia na harufu inajaa nyumba. Bati likivuja tone moja hakuna wa kuliona, dari inaoza polepole. Mchwa hawahitaji ruhusa. Kodi za nyumba zinaendelea, mlinzi anataka chake, na ndugu mnaanza kuulizana nani alichangia mwezi uliopita.

Ndugu wanaopendana wanaweza kugombana kwa ajili ya nyumba tupu kuliko ambavyo wangegombana kwa ajili ya fedha zilizokwisha kugawiwa. Kama mzee ameamua, ana akili timamu na amesaini, uzeni, mgawane, kila mtu ajue chake.

Mwana_wa_Mwisho

Kaka, shikamoo. Umesema kweli kuhusu nyumba tupu, na ndiyo maana sisi hatukuiacha tupu. Tuliweka mpangaji, familia yenye watoto, kwa mkataba wa maandishi wa muda maalumu, na vyumba viwili vikafungwa vyenye yale maboksi ya kusubiri. Kodi inaingia kwenye akaunti ambayo ndugu wote tunaona taarifa zake, ndiyo inayotengeneza bati na ndiyo inayonunua dawa za mama.

Ninachokiogopa ni kuuza halafu mzee aseme shamba limemshinda. Umri ule hakuna nyumba ya pili ya kumrudisha. Fedha zitakuwa zimegawanywa, mmoja amejenga, mwingine amelipia ada, na mama anaanza kuzungushwa kwa watoto mwezi huku mwezi kule akiwa na begi. Hilo, kaka, siwezi kulikubali.

Kaka_Mkubwa

Marahaba. Kwa mpango huo wa mpangaji na akaunti ya wazi nakuelewa. Ingekuwa familia zote zina mtu wa kusimamia hivyo nisingebisha. Basi niseme hivi: kama hamna mtu mmoja mwenye muda na anayeaminiwa na wote, msijaribu kuishikilia.

FundiBomba

Wadau, mimi niwasemee maji, maana ndiko watu wanakoumia wakishahamia.

Hesabu ya maji ya mvua ni nyepesi. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la mita za mraba 100, mvua ya milimita 10, ni lita 1,000. Toa kama sehemu moja ya tano kwa yanayomwagika na kukauka, unabaki na 800 hivi. Vizuri. Sasa geukia matumizi. Viwango vya Sphere, vinavyotumiwa na mashirika ya misaada, vinataka angalau lita 15 kwa mtu kwa siku kwenye maafa. Hiyo ni ya kuokoka tu. Mtu aliyezoea bafu na choo cha kuvuta maji hatumii chini ya 50 kwa raha. Mkiwa watatu ni lita 150 kwa siku. Kiangazi cha siku 90 kinadai lita 13,500. Kwa hiyo anayewaambia tangi la lita 5,000 linatosha kwa mwaka hajapiga hesabu ya ukame, amepiga ya masika.

Maji ya kwanza ya mvua baada ya jua refu msiyaingize kwenye tangi. Yanaosha vumbi, majani na kinyesi cha ndege. Wekeni bomba la kuyatoa pembeni, tangi lipokee yanayofuata.

Kisima na choo cha shimo: acheni angalau mita 30 kati yake, na sakafu ya shimo iwe juu ya usawa wa maji ya ardhini kwa mita 1.5 au zaidi. Usawa huo upimwe wakati wa mvua, maana hupanda. Na msiangalie choo chenu tu. Choo cha jirani kilicho upande wa juu wa mteremko ndicho kinachowahusu zaidi.

La mwisho nalisisitiza. Kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi floraidi wala naitreti, kemikali zinazoyeyuka ndani ya maji. Maji yakichemka sana yanapungua, na hivyo vilivyomo vinazidi kukolea. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha floraidi miligramu 1.5 kwa lita na cha naitreti miligramu 50. Naitreti ikizidi ni hatari hasa kwa kichanga anayekorogewa maziwa ya unga. Hapo hakuna ujanja wa jikoni, ni kupeleka chupa ya maji maabara kabla hujalipia ardhi. Muuzaji akikukataza kuchota maji ya kupima, ondoka.

NesiZamu

Asante fundi, hilo la kuchemsha nalisema kila siku kliniki.

Mleta uzi, dada yangu, umeandika kwa upendo na mengi nayaunga mkono. Niongeze kwa wenye wazee wanaoanza kusahau, maana kwao mambo hugeuka kidogo. Mama yako ana kumbukumbu nzuri, kumkalisha na vitu vyake kumempa nguvu. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau ukimpitisha kwenye kila kikombe siku nzima, nyumba imejaa maboksi na watu wanaingia na kutoka, anachanganyikiwa na usiku halali. Huyo afadhali chumba chake kipya kiandaliwe kikamilifu bila yeye kuwepo: shuka zake, picha zake, saa yake ya ukutani. Siku ya kuhama apelekwe asubuhi, na mtu anayemwamini. Jioni ndiyo saa yao mbaya, msimfikishe mahali pageni jua linazama.

Halafu pimeni njia ya hospitali. Wengi wanauliza kilomita, mimi nauliza dakika, tena za usiku wa mvua. Kiharusi kinachotokana na damu kuganda kina dawa ya kuyeyusha, lakini inatakiwa ndani ya saa 4.5 tangu dalili zianze, na kabla ya kuitoa lazima kichwa kipigwe picha kuhakikisha hakuna damu iliyovuja. Kituo cha jirani kinaweza kuwa na wahudumu wema na kisiwe na mashine hiyo. Ulizeni mapema ipo wapi. Kila mtu nyumbani, hata mtoto wa shule, ajue dalili: uso umeshuka upande mmoja, mkono haunyanyuki, maneno hayatoki sawa. Ukiona mojawapo, angalia saa, ikumbuke, na muondoke. Msisubiri kukuche.

Wenye presha na kisukari wahame wakiwa na dawa za kutosha mpaka watakapopata kliniki mpya, na barua ya daktari wa zamani inayoeleza wanatumia nini. Kadi ya kliniki isisafiri kwenye gari la mizigo. Iwe kwenye mkoba wa mzee mwenyewe.

Mgeni_Shambani

Naomba kuuliza jamani. Sisi tunahama miezi ijayo. Picha tunazo sanduku zima, nyingine zimeshikana. Na kuna mti wa matunda uani alioupanda babu. Bibi anasema bila ule mti haendi. Nifanyeje?

Mwana_wa_Mwisho

Karibu sana. Nianze na picha. Zilizoshikana msizibandue kwa nguvu, utandu wa juu hubaki kwenye picha ya pili. Tafuteni mtu anayeijua kazi hiyo, au ziacheni zilivyo. Nyingine zipigeni kwa skana, nukta 600 kwa inchi kwa zile ndogo, na nakala zikae sehemu mbili tofauti, nyumba mbili tofauti ikiwezekana. Nyuma ya picha andikeni majina kwa penseli laini, wino hupenya. Hili fanyeni sasa, bibi akiwa bado anawatambua waliomo. Mtu asiyetajwa jina leo atakuwa mgeni kwa wajukuu. Albamu zile za karatasi yenye gundi na plastiki juu ziepukeni, gundi ile hula picha. Na shamba kuna unyevu: kabati la ndani, mbali na ukuta wa nje, juu ya sakafu.

Kuhusu mti, bibi ana haki na mnaweza kumtimizia. Mti mkubwa hauhamishiki, lakini unaweza kubebeshwa, yaani tawi lake kuunganishwa kwenye mche mwingine. Pandeni kwanza miche ya aina ileile huko shamba, ikue unene wa penseli. Halafu kateni vikonyo kwenye mti wa babu, matawi machanga yenye afya na unene huohuo, ondoeni majani, vifungeni kwa kitambaa chenye unyevu ndani ya mfuko wa nailoni, visafiri kivulini na vibebeshwe mapema. Mtaalamu wa kilimo wa eneo lenu atawafanyia akiwaonesha. Kikishika, tawi lile ni mti wa babu wenyewe, si mtoto wake. Mbegu mara nyingi isingetoa hivyo, maana mbegu nyingi huchanganya na baba asiyejulikana. Bebesheni miche kadhaa, mingine haitashika.

Nilimwona mama akikagua vikonyo vyetu. Alikuwa anaigusa ile nailoni kwa kidole kimoja tu, hataki hata kupumua karibu. Siku chipukizi la kwanza lilipotoka alimpigia simu dada yake kabla hajatuambia sisi tuliokuwa naye ndani.

Mpima_Mipaka

Nipite kwa ufupi kwa kuwa sheria zinatofautiana nchi na nchi. Kwanza, nyumba ya familia iko kwa jina la nani? Kama hati bado ina jina la marehemu, hakuna anayeweza kuuza mpaka mirathi ikamilike, hata ndugu wote wakiwa wamekubaliana mezani. Lianzeni hilo leo, lina foleni zake. Pili, huko shamba tembeeni mipaka kwa miguu, majirani wa pande zote wakiwepo, siku moja, kisha muulizie kumbukumbu katika ofisi ya ardhi wenyewe. Nakala ya muuzaji peke yake haitoshi. Tatu, njia ya kuingia kwenye shamba. Wengi wananunua kiwanja kinachofikiwa kwa kupita ardhi ya mtu. Leo anawaruhusu kwa wema. Akifa, watoto wake wanaweka uzio. Haki ya njia iandikwe.

Mgeni_Shambani

Nimenakili yote haya, Mungu awabariki. La mwisho, dada mleta uzi: bibi anasema siku ya kuondoka hataki kuzunguka vyumba kuaga. Anataka aingie kwenye gari aende. Shangazi wanamlazimisha, wanasema asipoaga atajutia. Nyinyi mlifanyaje?

Mwana_wa_Mwisho

Mama aliaga, lakini ni kwa kutaka kwake, na aliomba awe peke yake. Bibi yako asilazimishwe. Waambie shangazi kwa heshima kwamba nyumba ni ya bibi na kuaga ni kwake. Kama wao wanataka kuzunguka vyumba, wafanye hivyo siku nyingine yeye akiwa ameshaondoka. Wewe muulize jambo moja tu, mkiwa wawili: kuna jirani anayetaka kumwona kabla ya kwenda? Mara nyingi kilicho kizito ni mtu wa ng'ambo ya ukuta, na huyo anaweza kualikwa shamba. Andika namba zao za simu kwa herufi kubwa, ubandike karibu na kitanda.

NesiZamu

Naafiki. Na siku hiyo apate mlo na dawa zake kwa saa zake za kawaida, watu husahau kwa pilikapilika.

Mgeni_Shambani

Nimeongea naye jioni hii. Wapo majirani wawili, na mmoja ameshakubali kuja naye kukaa wiki ya kwanza. FundiBomba, kesho nachota maji ya kisima kupeleka maabara, nitakutafuta hapahapa majibu yakitoka.